Jenga Mwenyewe

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha asubuhi, kidogo tu, ya kulaza vumbi. Naanza kuandika leo kwa sababu nimerudi nyumbani na hasira na sina wa kumpa.

Kila Jumamosi wafugaji wa kuku wa hapa Zinga huchanganya chakula pamoja. Hununua pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa kwa mchango, wakamwaga vyote juu ya turubai uwanjani kwa Bi Biubwa, mwenyekiti wao, wakachanganya kwa koleo na kugawana. Chakula cha wote ni kimoja. Dada yangu Gertruda yumo kwenye kikundi. Leo nilikwenda kumbebea gunia lake, nikamkuta Bi Biubwa amesimama na simu mkononi, miwani puani, anawasomea vipimo kwa sauti ya kutangaza msiba.

Nilichungulia ile simu. Ilikuwa Debe, programu yangu. Tumeiandika mimi na Twalha kwa miaka miwili, jioni baada ya kazi: unaingiza viungo ulivyo navyo, inakuambia upime kiasi gani cha kila kimoja ili kuku atage. Ni ya bure, na msimbo wake, yaani yale maandishi tunayoyaandika kabla hayajawa programu, uko wazi mtandaoni kila mtu ausome na autumie. Ila hatujawahi kutoa faili la kusakinisha kwenye simu. Ukurasa wetu unasema maneno mawili: Jenga mwenyewe. Uwe na kompyuta, uwe na ujuzi, uugeuze msimbo kuwa programu kwa mkono wako. Sasa Bi Biubwa, ambaye vocha huingiziwa na mjukuu, ameijengaje?

Nikamwamkia, akaitika, nikamuuliza kaitoa wapi.

“Kwa Clever, pale stendi. Kwani nyie wenyewe mnaoiandika hamjui inapopatikana?”

Turubai zima likacheka. Chini ya vipimo kulikuwa na tangazo la mikopo ya chapchap, na programu ikifunguka unapokelewa na picha ya Clever kavaa miwani ya jua.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani nikaenda moja kwa moja kwa Clever. Ana kibanda cha kutengeneza simu na kujaza nyimbo kwenye memori kadi. Watu wa hapa hawashushi kitu mtandaoni, bando linauma. Mmoja akipata, wengine wote wanarushiana simu kwa simu. Chemchemi ya kurushiana huko ni Clever.

“Umeiba kazi yangu,” nikamwambia, hata salamu sikutoa.

“Nimeiba nini, kaka Anold? Si mmeandika wenyewe pale? Bure, chukua, jenga, gawa. Nimechukua, nimejenga, nagawa.”

“Na tangazo la mikopo?”

“Hilo ndilo linalonilipia bando. Kuujenga ule mzigo wenu nimekesha, laptop inazima, mke wangu ananuna. Au ulitaka Bi Biubwa ndiye akeshe?”

Aliendelea kufungua kioo cha simu ya mtu huku ananijibu, hata kichwa hakuinua. Nimeondoka bila kuaga, na nikakumbuka njiani kwamba yote aliyosema leseni yetu inayaruhusu, niliisoma mwenyewe na kuisifia.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Umeme hakuna.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda Bagamoyo mjini kwa Twalha. Anaishi Mji Mkongwe kwa mama yake, chumba cha juu, kompyuta mbili na feni moja. Ufunguo wa mradi uko kwake yeye. Ni siri ndefu inayotia muhuri kwenye faili ili simu ijue limetoka kwetu kweli. Mimi naweza kuandika nitakacho, lakini wa kutoa ni yeye. Tulikubaliana hivyo mwanzoni kwa sababu yeye ndiye makini.

Nikamweleza habari ya Clever. Nikamwambia watu wameshatuonyesha wanachotaka: faili moja, lenye muhuri wetu, mahali pamoja panapojulikana, dogo kiasi cha kurushwa kwa simu, na likitoka jipya, la zamani lijue kumwambia mwenye nalo. Twalha alikuwa amefunga, midomo imemkauka, ila kwa maneno hakufunga.

“Anold, nikitia muhuri nimeahidi. Kila tukibadilisha kitu itabidi nijenge upya, nijaribu kwenye simu za kila aina mpaka zile zilizopasuka kioo. Na akifa kuku wa mtu, mwenye kuku atakuja kunikalia hapo chini kwa mama. Msimbo haumdai mtu. Anayejenga mwenyewe, dhamana yake mwenyewe.”

“Bi Biubwa hawezi kujenga.”

“Ajifunze. Tukiwatafunia kila kitu watakaa midomo wazi mpaka lini? Kuna jamaa yuko Ujerumani, kajenga bila kuniuliza swali hata moja.”

“Huyo wa Ujerumani anachanganya pumba kwa debe?”

Alicheka, na mimi nikacheka, basi hasira ikapoa kidogo. Akasema tutalizungumza baada ya Idi, inshallah. Twalha namjua tangu chuo. Ni mtu mwema, hasemi uongo, halali na deni la mtu. Nimerudi Zinga nikijiambia ana hoja.

Jumanne, 18 Machi

Dada Gertruda hashikiki kwa raha. Mwezi wa Ramadhani mayai yanagombaniwa, wapika kalmati na mikate ya mayai wanamfuata mpaka mlangoni. Tangu shemeji aondoke na asirudi, kuku hawa ndio nyumba yake, ndio ada, ndio heshima. Aliwalea tangu vifaranga, akilala nao bandani na jiko la mkaa. Kila jogoo wa jirani akiingia uani anamfukuza kwa jina la shemeji.

Jumamosi, 22 Machi

Leo dagaa walikuwa wengine. Siku zote kikundi hununua dagaa wa ziwa, wale wanaoanikwa juani bila chumvi. Mzigo umekwama njiani kwa mvua, basi Bi Biubwa kaleta dagaa wa hapa hapa pwani. Hawa huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na msimu huu jua hakuna, wamekolezwa chumvi kupita kawaida ili wasioze. Wasiofaa tena kuliwa na watu ndio wanaouzwa kwa ajili ya kuku, na bei yake ni ya kutupa.

Nikatia mmoja mdomoni. Nikatema.

Nikaenda kuitazama simu ya Bi Biubwa. Debe inajua neno moja tu, dagaa, na mimi nilipoliandika nilikuwa na dagaa wa ziwa kichwani, maana kwetu bara hakuna wengine. Hivyo juu ya dagaa waliokwisha kulowana chumvi, programu ikawa inaagiza chumvi nyingine iongezwe. Nikawaambia waache chumvi kabisa na wapunguze dagaa. Waliniangalia.

“Simu inasema tuweke,” akasema Bi Biubwa.

“Simu nimeiambia mimi, Bi Biubwa. Niliiambia vibaya.”

Wameacha, lakini kwa shingo upande.

Jumapili, 23 Machi

Nimerekebisha. Sasa Debe inauliza: dagaa wa ziwa au wa pwani? Ukisema pwani, chumvi inatoka na dagaa wanapungua. Nimemtumia Twalha, akaipitia akaikubali kabla chai yangu haijapoa. “Kazi safi sana,” kaandika. Kwa hiyo ugonjwa umetibiwa, ila dawa iko pale ambapo hakuna mgonjwa anayefika.

Nikajenga faili mwenyewe nikaenda kumwekea dada. Simu ikakataa. Simu hutazama muhuri: ile iliyopo ina muhuri wa Clever, hii ina wangu, na kwa simu hao ni watu wawili wanaogombea jina moja. Dawa ni kufuta kwanza ya Clever. Ukiifuta, kumbukumbu zote ulizoandika ndani zinakwenda nayo, chanjo, mayai, chakula, kila kitu.

“Nifute yote niliyoyahamishia humu kutoka daftarini, tangu vifaranga?” dada akaniuliza. “Wewe una wazimu, mdogo wangu. Nitakumbuka chumvi kwa kichwa.”

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bi Biubwa kaleta pilau sinia zima, na kachumbari pembeni. Nimemtumia Twalha salamu za Idi na kumkumbusha lile faili. Kajibu kwa kidole gumba.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua siku ya nne. Kesho alfajiri naenda Dar, kuna ofisi inataka kuunganishiwa mtandao, nitarudi Jumanne. Nimemwambia dada awakumbushe habari ya chumvi. Kasema sawa, sawa, nimesikia.

Jumanne, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nimeshuka barabarani mchana, nikamkuta dada amekaa chini mlangoni pa banda, kanga imelowa tope, hajafunga kilemba. Hakunisalimu. Nikaingia. Kuku walikuwa wamelala ubavu kila mahali, wengine wamekufa, wengine wanahema na shingo zimepinda. Ambao bado walikuwa wima walikuwa wamejazana kwenye chombo cha maji kikavu, wanakigonga kwa midomo. Sauti ya ile midomo kwenye bati siipendi hata kuiandika.

Hii ndiyo habari nzima kama nilivyoipata kwake. Jumamosi aliwakumbusha wenzake kama nilivyomwomba. Bi Biubwa akasema zile wiki walizoacha chumvi mayai yalipungua. Yalipungua kwa baridi na mvua, kila mfugaji anajua kuku wakishikwa na baridi hutaga kidogo, lakini yalipungua, na simu ilikuwa imewaambia waweke chumvi. Mwingine akasema mdogo wako ameitunga mwenyewe, sasa mbona anaikana? Wakafungua simu, wakaweka dagaa wa pwani tele na chumvi juu yake kama ilivyoagizwa. Dada akabeba gunia lake.

Jumapili kuku wakaanza kunywa maji bila kukoma na kuharisha. Dada akadhani ni unyevu wa masika, maana maranda ya mbao wanayolalia yalikuwa yamelowa chapachapa. Akafanya anachofanya kila mfugaji hapa matandiko yakilowa: akapunguza maji ili banda likauke. Kuku aliyejaa chumvi akanyimwa maji. Jana asubuhi wakaanza kuanguka.

“Niliwanyima maji mimi, Anold,” alisema. “Walikuwa wananililia, nikawafungia bomba.”

Nimebeba maji mpaka mikono imekufa ganzi. Mtaalamu wa mifugo amekuja jioni, akapasua mmoja, akaonja chakula kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa. Anasema tuwape maji kidogo kidogo na tusubiri. Nimempigia Twalha, hapokei. Nimeandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine mbaya zaidi, nikautuma. Namchukia leo. Nachukia ule utaratibu wake, na lile neno dhamana alilolitamka kwa midomo mikavu kana kwamba ni ibada. Ameweka mikono yake safi kwa gharama ya dada yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Tumezika kwenye shimo moja nyuma ya choo. Waliobaki kwa dada wanaenea kwenye tenga la nyanya. Kwa wenzake pia wamekufa, ila yeye ndiye aliyefunga maji mapema kuliko wote kwa sababu ndiye msafi kuliko wote.

Mchana kikundi kimekaa uwanjani kwa Bi Biubwa, nikaitwa. Nilidhani watamlaumu Clever. Nilijiandaa hata kumtetea kidogo, ili nionekane mstaarabu.

“Programu ni ya nani?” Bi Biubwa aliuliza.

“Yangu na mwenzangu. Lakini hiyo mliyonayo kaijenga Clever, ni ya zamani. Sisi tulisharekebisha tangu mwezi wa tatu.”

“Mlirekebisha wapi?”

“Mtandaoni. Kwenye msimbo.”

“Mwanangu, Clever alitupa kitu mkononi. Kibaya, kizuri, alitupa. Wewe unakaa hapa, nyumba ya tatu, dawa umeirekebisha ukaiacha huko mtandaoni, halafu unatuambia ilikuwepo.”

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningejua pa kujibia. Nikasema ufunguo hauko kwangu, uko kwa mwenzangu, nikajisikia ninavyosikika.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kwa Clever nikitaka ugomvi na mtu ambaye ningemshinda. Alikuwa ameshasikia. Kibanda kimefungwa nusu, amekaa ndani na ile laptop yake.

“Kaka, kwa nini hukuniambia?” Hilo ndilo la kwanza alilosema. “Tarehe tisa mwezi wa tatu ulikuja hapa kunitukana mwizi. Ulipojua programu ina kosa ungekuja tena, ungesema Clever, jenga upya. Ningejenga siku ile ile.”

Kweli, sikumwambia. Nilimwambia Twalha, nilimwambia dada, nilimwambia Bi Biubwa, na huyu ambaye programu yote ya Zinga imetoka mkononi mwake nilimpita nikienda Dar, nikageuza uso.

Alikuwa ameshaushusha msimbo mpya na kuujenga. Tangazo la mikopo ameliondoa bila kuombwa, na picha yake pia. Kwa kuwa muhuri ni wake ule ule, simu zimeipokea bila kufuta kumbukumbu za mtu. Kufika jioni ilikuwa imerushwa mpaka Kaole. Kazi niliyombembeleza Twalha aifanye tangu mwezi uliopita, huyu kaifanya kwa siku moja kwa bando la kukopa, na hakuna atakayempigia makofi.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Dada hakuja kanisani.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua kutwa. Twalha kapiga simu, akalia. Sikutegemea. Nimesikiliza mpaka akamaliza, nikamwambia pole ya dada yangu aje aitoe mwenyewe. Kasema barabara ni mbaya.

Jumanne, 22 Aprili

Twalha ametoa faili rasmi. Lenye muhuri, lenye maelezo ya Kiswahili safi, dogo, kila nilichokiomba kwenye kile chumba cha juu kimo. Kajaribu mpaka kwenye simu zilizopasuka kioo, sina shaka, ndivyo alivyo. Juu kabisa ya ukurasa kaweka tahadhari kwa herufi nyekundu: Usitumie matoleo yasiyo rasmi yanayogawiwa mitaani, yamesababisha hasara. Nikamwuliza mbona hakuandika kwamba toleo la mtaani ndilo lililokuwa la pekee. Kasema ukurasa si mahali pa malumbano.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda turubaini na faili rasmi. Nikaeleza muhuri ni nini, kwa nini ni salama zaidi, kwa nini Clever akichoka au akihama hawatapata marekebisho. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja akajaribu, simu ikamwambia haiwezekani, afute kwanza iliyopo. Akaniangalia.

“Hii feki,” akasema. “Ya Clever haijawahi kutuambia tufute.”

Ikapita mdomo kwa mdomo turubai zima, kwamba kuna Debe feki inazunguka, inafuta kumbukumbu. Bi Biubwa akawatangazia wasiipokee. Clever alikuwepo, akajaribu kunitetea, akaambiwa anyamaze, yeye ni mpole mno na watu watamtumia. Tumetazamana, mimi na Clever. Hata kucheka tumeshindwa.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua.

Jumatano, 14 Mei

Dada ameuza tenga la wale waliobaki. Anaamka saa ile ile ya zamani, anakaa kitandani, hana pa kwenda.

Jumamosi, 17 Mei

Leo jua limewaka kutwa, masika naona yameisha. Twalha kapiga simu kwa furaha. Mradi umeandikwa mahali fulani huko nje, unasifiwa kwa kuwajali watumiaji wa vijijini. Anataka sentensi moja au mbili za mfugaji halisi aziweke kwenye ukurasa, chini ya kitufe cha kupakua. Kaniomba nimwulize dada, maana anaongea vizuri.

Nilitaka kumkatia simu. Badala yake nimekwenda kwa dada, kwa sababu nilitaka mtu mwingine amkatalie. Nimemkuta uani, kashika ufagio wa chelewa, anaanika mapazia ya magunia ya bandani. Nikamweleza ombi lote kama lilivyo, sikupunguza. Akauliza faili lenyewe limetoka lini, nikamwambia. Akahesabu moyoni.

“Ni zuri?” akauliza.

“Ni zuri, dada. Ndilo zuri kuliko yote.”

“Basi mwambie aandike ni zuri,” akasema. “Na aandike lilifika banda likiwa limeshafagiliwa. Chini yake aweke jina langu lote, asikosee.”

Nimemtumia Twalha kama alivyosema. Amesoma. Hajajibu.